Kifua cha Thuwaiba

Mwaka ule bendera mpya ya uhuru ilipopandishwa, Thuwaiba binti Saif wa Rumonge alikuwa na miaka minane, na jasho lenye chumvi nyingi hata mbuzi wa mtaa mzima walimfuata kumlamba visigino. Usicheke. Beberu mmoja alitoka Bugarama kwa miguu, kwa harufu tu.

Mama yake, Samiha, hakucheka. Kila alfajiri alimlaza mtoto mapajani, kichwa chini, akamgonga mgongo kwa kiganja mpaka yatoke makohozi mazito kama mawese yaliyoganda. Asipogongwa, pumzi inamkaba.

Siku moja tumbo la Thuwaiba likafunga, likavimba kama ngoma. Hospitali wakasema apasuliwe. Na kwa desturi ya nyumba ile, mbele ya wageni mwanamke hasemi. Husema shemeji mkubwa. Ndiye Abdulhamid, kaka mkubwa wa Saif mume wa Samiha, aliyejipaka Kifaransa kama wengine wanavyojipaka mafuta ya udi.

"Shemeji," Samiha akamsihi, "mwambie anayetia wagonjwa usingizi kwamba kifua cha mwanangu kimejaa."

"Nimesikia, mke wa ndugu yangu. Masikio ninayo."

Lakini kwenye baraza ya hospitali walikuwa wamekaa wazee kutoka Bujumbura, waliokuja kumposa binti wa Abdulhamid. Wamekuja kumjulia hali mgonjwa, walisema. Macho yao yalichungulia ukoo. Casimir, muuguzi wa dawa ya usingizi, akauliza hali ya mtoto kwa Kifaransa. Abdulhamid akajibu kwa sauti ya kusikika hadi Magara, huku akijipiga kifua. Samiha, asiyejua Kifaransa, akamshukuru Mungu kwa kumpa shemeji.

Mtoto akaingizwa chumba cha kupasulia; muda si muda Casimir akatoka mbio.

"Mama, mutoto anazama mu makohozi yake! Mbona mulisema kifua iko kizima? Etha, dawa hii ya usingizi, inachokoza kifua kama hicho. Ningejua, tungekisafisha kwanza, halafu ningemuchoma sindano ya mugongo!"

"Nani alisema?"

Casimir akamtazama Abdulhamid. Abdulhamid akatazama viatu vyake.

Samiha akaingia bila kubisha. Wakamgeuza mtoto, Casimir na mpira wake wa kunyonya, mama na kiganja chake, mpaka midomo ikaacha kuwa ya samawati. Kifua kiliposafika, akachomwa sindano ya mgongo ya kutia ganzi, akapasuliwa, macho yake wazi, akiuliza watakula nini.

Nje, Abdulhamid akajikohoza. "Shemeji, nililinda jina letu. Nani huoa kwenye nyumba ya kikohozi?"

"Kwa hiyo mahari ya binti yako ilikuwa pumzi za wangu?"

Samiha akamgeukia mumewe, aliyekaa kati ya wageni, akangoja amsemee.

"Mtoto si yuko hai?" Saif akanong'ona. "Yaishe, Samiha. Wageni wanasikia."

Loo! Kumbe waliopaswa kumsemea walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa wamekaa upande wa wageni. Samiha akaingia ndani kwa Thuwaiba, akawafungia mlango.