Jirani wa Kusimama Mpakani

Nakumbuka siku ile magari ya watafuta gesi yalipoingia kijijini kwetu Handeni, mimi bado bibi harusi mpya. Walisema gesi imejificha ndani ya miamba, chini kabisa, na haitoki mpaka mwamba upasuliwe. Tulicheka. Visima vyetu vinakauka, halafu jiwe ndilo lenye moto!

Hawakuitisha mkutano wa kijiji, mwanangu. Walipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba iliambiwa wenzenu wameshakubali. Mume wangu Salehe, Mungu amrehemu, akashika panga aing'oe minyaa ya mpakani magari yapite. Baba mkwe akamfokea.

"Minyaa hii tulipanda na Mzee Mhando, kila mtu upande wake. Umemuuliza?"

"Baba, gesi ni mali ya serikali."

"Gesi sawa. Na shamba? Mpaka hauna mdomo, husemewa na jirani."

Salehe hakusikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu hilo lilikuwa letu sote. Minyaa ikang'olewa. Majirani wakapokea kifuta jasho, wakahama mmoja mmoja, huyu akaenda Mkumbara, yule Manundu. Gesi haikupatikana. Magari yakaondoka, na watu hawakurudi.

Sasa wamekuja wengine, na vyombo vipya. Juzi kijana mpimaji, mwenye adabu zake, alinipa shikamoo akasema majirani wasimame mpakani wathibitishe shamba ni langu, kabla halijaguswa.

"Bibi, jirani wa huku nani?"

"Mzee Mhando."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha kaburi. Akauliza wa upande wa pili, nikamwambia alihama na hajarudi. Nimelilima shamba lile tangu ujana, na nilisimama juani bila mtu hata mmoja wa kusema huyu namjua. Upweke ule uliniuma kuliko kufiwa. Kijana akasema atarudi wiki ijayo, na kama hakuna shahidi, ataandika kwamba shamba halina mwenyewe anayejulikana.

Ndiyo maana nimepanda gari hadi hapa Manundu, mwanangu. Wewe ni mjukuu wa Mhando, na upande ule wa mpaka ni wako, hata kama hujawahi kuukanyaga.

Sikiliza basi. Cha chini ni cha serikali, lakini aliyepewa kibali cha chini hana ruhusa ya kukukanyagia cha juu bila wewe kukubali. Akikujia peke yako, mwambie tukutane kwenye mkutano wa kijiji. Usikubali bila mkeo, na usikubali bila jirani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Njoo na panga. Tutakata matawi ya minyaa tuyachomeke upya, wewe upande wako, mimi wangu, na huyo mpimaji atukute tumesimama. Mungu akupe shamba lenye rutuba, mwanangu, na akupe jirani wa kukusemea ungali hai.