Begi la Baba na Bunge la Miaka Miwili

Harufu ya ngozi mpya yenye gundi hainiachi mpaka leo. Hunirudisha Guangzhou, Uchina, kwenye chumba chetu cha mtaa wa Xiaobei, nikiwa na miaka tisa, na begi la Baba limening'inia nyuma ya mlango.

Baba alikuwa Marekani, karatasi zake zimekwisha muda. Angetoka nje ya nchi, asingeruhusiwa kurudi kwenye kazi iliyotulisha. Mama, aliyenunua nguo soko la Zhanxi na kuzituma Morogoro, akasikia kuna mswada katika Bunge la kule wa kuwaruhusu watu kama Baba kusafiri na kurudi. Siku hiyohiyo tulipanda basi hadi Shiling, mji wa mabegi ya ngozi, kumchagulia Baba begi la kusafiria akija kututembelea. "Laoban, chukua hili!" muuzaji akambembeleza, maana kule kila mnunuzi ni bosi. Mama akacheka kama bibi harusi. Jioni akampigia Baba, naye akauliza tu ni la rangi gani.

Desemba Bunge likafunga kikao, mswada haujapita. Mama alilia mpaka wali ukaungua. Kaka Faraja, mwanafunzi wa siasa aliyekula kwetu kila Jumapili, akamtuliza.

"Dada, bado. Bunge lao moja ni miaka miwili, kila mwaka na kikao chake. Hiki ni cha kwanza. Mswada umelala tu, Januari unaamka."

Mama akalishika somo hilo kama sala. Kila wiki alilipaka begi mafuta, na mimi nikalala usingizi mnono, maana kumbe hata miswada hulala.

Mwaka wa pili ukaisha vilevile. Safari hii Mama hakutoa chozi, alipika pilau. "Umelala," aliniambia. "Subira yavuta heri." Baba alipopiga simu, akamwambia avumilie mpaka Januari.

Baba akamweleza taratibu. "Mama Neema, huo umekufa. Kikao cha pili kikiisha, Bunge lenyewe limeisha. Wanaapishwa wengine, na mswada wa zamani hauingii nao. Mpaka mtu auwasilishe upya, uanze na namba mpya."

Mama akazima jiko. Pilau ile tuliila imepoa, wala sikumbuki ladha yake.

Mswada uliwasilishwa tena, ukafa tena. Mkanda wa begi ulikatika kabla halijabeba hata shati. Ngojangoja huumiza matumbo, wanasema. Yetu yaliumia yakazoea.

Kwa miaka mingi nilimchukia Baba kwa kuuliza rangi tu, kana kwamba hakutaka kuja. Leo mimi ni mtu mzima, na naona kwamba alikuwa ameshaizika miswada ya mabunge kadhaa peke yake kabla ya lile letu. Alijua. Hakuwa na moyo wa kutunyima begi.

Alizikwa hukohuko Marekani, kati ya kikao cha kwanza na cha pili. Mswada ulikuwa hai bado, umelala tu.