Basi Lililojaa Watu Wasioenda Popote

Nikisema sikuona aibu siku ile nitakuwa nadanganya, na kudanganya ndiko kulikonifikisha pale, kwa hivyo acheni niseme ukweli mkicheka mcheke.

Kazi yangu ni kuunganisha magari ya miji yetu hii ya kuzunguka Mlima Kenya. Mtu akitoka Giakanja ashuke Nyeri, akute basi la Nanyuki linamngoja, apande kwa tiketi ileile moja, na basi liondoke saa yake hata kama lina abiria wawili. Hapo kwa saa ndipo watu waliponishangaa, maana kwetu gari huondoka likijaa. Wenye magari wa Nanyuki, wakiongozwa na Haji mmoja mfanyabiashara wa mifugo, walisema wataiangalia safari ya kwanza, na wakiona watu wameipenda, watajiunga. Wasipojiunga, mpango wote umekufa.

Abiria wangu wa kwanza kabisa alikuwa mama mkwe. Nilimbembeleza mwenyewe. Shemeji yangu alikuwa amejifungua Nanyuki, na mama alitaka kumpelekea sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ya kumtia mzazi nguvu, nami nikamwambia asihangaike na mtu, akishuka hili apande lile.

Basi asubuhi hiyo, kabla ya kutangulia Nanyuki kuwapokea wageni wangu, akina Haji, nikaingiwa na woga. Je, basi likija tupu? Nikapita steji ya Nyeri, kituo cha magari, nikawaomba jamaa wa pale wapige seti. (Kama hujui, kupiga seti ni kukaa ndani ya gari ukijifanya abiria, ili wenye safari waone linakaribia kujaa wapande, nawe unashuka polepole ukimwachia mtu kiti.) Nikawaahidi chai na mandazi, nikaenda zangu nikijiona mjanja.

Nilichosahau ni kwamba dereva nilimfunza mimi. Saa ikifika, funga mlango, ondoka, usimsikilize mtu. Na kweli hakumsikiliza mtu, hata wapiga seti waliogonga dirisha wakitaka kushuka, mpaka Kiganjo njiani.

Basi likaingia Nanyuki kwa wakati, limejaa pomoni. Wageni wakapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi yao, mpaka mlango ulipofunguka nikaona anayeshuka wa kwanza ni fundi viatu wa steji, amevaa aproni, sindano bado mkononi.

Haji akampa mkono kwa heshima. "Karibu Nanyuki. Umekuja kwa shughuli gani?"

"Mimi sina shughuli huku, mzee," akasema. "Mimi nilikuwa nimepiga seti tu. Kibanda yangu nimeacha wazi."

Nyuma yake mwingine akauliza chai iko wapi.

Nilitamani ardhi inimeze, na kabla haijanimeza simu ikalia. Mama mkwe. Simu yangu spika yake ya sikio imekufa, huongea kwa spika ya nje, kila mtu husikia.

"Baba Njeri, ati gari imejaa. Nimefika saa ile ulisema, nikaambiwa hakuna kiti. Sasa hii njahi nirudi nayo?"

Nilimwomba msamaha mbele ya wageni wote, na kilichoniuma si mpango, ni kumfikiria amekaa steji na sufuria yake mapajani.

Haji alinitazama kwa upole tu. "Kwa hiyo abiria umewaacha Nyeri," akasema, "na wa kubaki Nyeri umetuletea sisi." Kisha akaniambia nirudishe watu wa wenyewe, na kesho nilete basi kama lilivyo, hata kama ni tupu.

Kesho yake lilifika na watu watatu. Wa mbele alikuwa mama mkwe. Haji mwenyewe alimpokea sufuria, akaangalia saa, akaangalia viti vitupu, akasema lililowahi na watu watatu linamtosha kuliko lililojaa jana. Wakajiunga.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianza Nyeri ikaishia Nanyuki. Sitaweka tena mtu kwenye kiti asichokihitaji. Hata nikitaka sitaweza, kwa sababu mama mkwe siku hizi akipanda, kabla hajakaa huuliza basi zima, mmoja mmoja, "Wewe unaenda, ama umekalia kiti tu?"

Juzi nilikuwa humo. Akanifikia, akaniuliza kana kwamba hanijui.

"Naenda, mama," nikasema, nikamwonyesha tiketi.