Mwalimu wa Sarakasi Aliyemzuia Mwanangu Kuruka

Habari za kifo chake zilinifikia stendi ya Mbeya, kupitia kwa dereva wa basi aliyetumwa na wifi yangu wa Iringa. Alikuwa na haraka, akanifikishia nusu ya salamu. "Mama, wamesema yule mwalimu wa kurukaruka amefariki. Homa ya siku chache tu." Nikauliza mazishi lini, akasema hajui, akageuka kuhesabu mizigo. Nikabaki nimesimama pale na kikapu changu, sijui nilie au niende sokoni kama nilivyokuwa nimepanga. Hakuwa ndugu yangu. Sina hakika kama alikuwa rafiki yangu. Hata leo, ninapowaandikia ninyi wasomaji wangu, bado natafuta neno la kumwita mtu ambaye nilimkabidhi mwanangu wa pekee, nikamkasirikia, na sikuwahi kumwelewa.

Ilianzia kwenye uwanja wa michezo, siku ya Sabasaba, wakati reli ilikuwa bado inajengwa kuja kwetu. Kikundi cha sarakasi kilikuja kutoka Dar es Salaam, vijana wakapandiana mabegani, wakapiga pindu hewani, na binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, akarudi nyumbani akitembea kwa mikono. Wiki nzima akawa hivyo. Alikuwa akijirusha kutoka juu ya ukuta wa jirani, na mara mbili nilimwokota ana damu mdomoni. Mume wangu akasema, "Ama tumtafutie mwalimu, ama tumzike." Nikaenda ofisi ya utamaduni. Bwana wa pale akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Ndugu, hapa tuna ngoma, kwaya na mpira. Sarakasi ya watoto sijui niiweke wapi." Mwalimu mkuu wa shule akaniambia mambo hayo ni ya jeshi. Jirani akanishauri niende kambi ya Wachina wa reli, maana kila mtu mjini aliamini kwamba kila Mchina anajua sarakasi. Nikaenda. Mhandisi mmoja alisikiliza maneno yangu kwa mkalimani, akacheka mpaka akavua kofia, kisha akajibu kwamba yeye tangu utoto anaogopa hata ngazi.

Ni wifi yangu aliyeniambia kwamba Iringa yuko mwanamke anayefundisha watoto kwenye ukumbi wa zamani karibu na soko. Likizo ilipofika nikapanda basi na binti yangu. Nilitegemea kumkuta msichana mwembamba. Tulimkuta mama mnene wa makamo, amejifunga kitenge juu ya suruali, akishona magunia yaliyojazwa maganda ya mpunga ili watoto waangukie. "Kamwene," akatuamkia, kisha akamwangalia mtoto muda mrefu bila kunijali mimi. "Anaogopa nini huyu?" Nikajibu kwa fahari kwamba haogopi kitu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mtoto ana surua. "Haya, mwache. Tutaanza na kuanguka."

Likizo hiyo yote binti yangu aliishi kwa shangazi yake, na kazi yake ukumbini ikawa kuanguka. Kuanguka mbele, kuanguka nyuma, kuanguka ubavu, kubiringika na kusimama. Mimi nilichanganyikiwa. Nilimleta mtoto ajifunze kuruka, naye anafundishwa kile alichokuwa akikifanya bure nyumbani! Wazee wa kanisa nao walikuwa na lao, kwamba wasichana kuelekeza miguu juu si adabu. Siku moja walimfuata mwalimu ukumbini. Akawakaribisha viti, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaonyesha bukta ndefu alizowashonea wasichana, kisha akaendelea na somo kana kwamba wamekuja kutazama. Wakatazama. Mmoja wao wiki iliyofuata alileta mjukuu wake.

Tulirudi likizo nyingine, na nyingine. Binti yangu akafika mahali pa kusimama juu ya mabega ya wavulana wawili wakubwa, akaruka, akapiga pindu moja, akatua kwenye magunia kama paka. Ndipo ukumbi ukaalikwa kuonyesha kwenye sherehe ya wilaya. Nilisafiri na mume wangu siku moja kabla. Nilimsuka binti yangu nywele mwenyewe, nikamvalisha, nikamwona anacheka. Zamu yake ilipokaribia, mwalimu akamshika bega. "Huyu leo haruki." Nikasimama. "Mwalimu, ana nini? Mgonjwa?" Akasema, "Si mgonjwa." "Amekosa nini?" "Hajakosa." Watu walikuwa wameanza kugeuka kutuangalia. "Sasa sababu ni nini, mwalimu wangu?" Akanijibu taratibu, kama na yeye mwenyewe anatafuta: "Leo haogopi, mama. Sijui nikwambieje. Leo haogopi kabisa." Akamweka mtoto mwingine. Binti yangu alilia hadi Mbeya, akaapa hatarudi, na mimi sikumlazimisha.

Matanga nilienda na binti yangu, sasa ni msichana mkubwa wa kidato cha pili. Nilidhani msibani nitamfahamu marehemu. Nikazidi kuchanganyikiwa. Kaka yake aliniambia dada yake hajawahi kutoka nje ya Iringa, alijifundisha kwa kuangalia picha za gazeti. Mama mmoja akaapa kwamba marehemu alikuwa na kikundi Dar es Salaam, na kwamba mwenzake alianguka mbele ya watu asiinuke tena. Mzee wa kanisa akasema yote mawili ni uongo, lakini ukweli hakuwa nao. Nikatoka nje kupumua. Binti yangu akanifuata.

"Mama," akasema, "siku ile nilikuwa nimepanga kupiga pindu mbili."

"Alikufundisha mbili?"

"Hapana. Nilitaka tu watu waone."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima na sijui niyaweke wapi. Asubuhi ile mimi ndiye niliyekuwa na kichwa cha mtoto mapajani, nachana, nasuka, naongea naye, na sikuona kitu ila furaha. Yule mama alimwangalia mara moja tu, akaona hatari. Alikuwa ameyapata wapi macho hayo, Dar es Salaam au kwenye gazeti, hakuna atakayeniambia sasa. Ninachoweza kuwaambia wenzangu wenye watoto ni hiki. Tunahangaika kutafuta walimu watakaowaondolea watoto wetu woga, na tunawasifu wanapofaulu. Mkimpata mwalimu anayemwangalia mtoto wenu kabla hajawaangalia ninyi, kaeni naye, hata siku atakapowaudhi mbele ya watu. Mimi wangu nilimpata, na nilimwita mkorofi mpaka alipokufa.