Ile Video Niliitengeneza Mimi

Habari zenu. Mimi kijana wa miaka 23, naishi Woolwich, London, kwa mamdogo wangu. Alinileta kutoka Tanga nikiwa na miaka kumi na tatu, mama yangu alipofariki. Huyu mama nampenda jamani, ndiyo maana naandika. Jina langu msilitafute.

Mamdogo ana mtoto mmoja, tumwite Idi, kazaliwa hukuhuku. Kiswahili anaelewa chote ila anajibu Kiingereza. Mimi nilikuwa nimejifundisha kuedit video kwenye simu, hakuna darasa hakuna nini, mtandaoni tu, na nikaanza kuandika mistari ya rap. Sauti yangu mbovu, nikamwomba Idi aimbe. Mistari ya visu, ya damu, ya kulinda mtaa. Uongo mtupu! Idi alikuwa anapanga mikate supamaketi, siku ya kushuti alikuja na kontena lake la wali! Nikamfundisha kukunja sura na kufanya bastola kwa vidole, yeye anacheka tu.

"Kata! Unacheka kama bwana harusi, unatuharibia!"

Rafiki yake mzungu, tumwite Tomu, alikaa juu ya boneti ya gari la baba yake, kavaa maski kama wenzake wawili waliosimama nyuma ya Idi. Video ikapata watazamaji mia tatu hivi, nikarukaruka chumbani kama mwehu.

Miezi mitano baadaye kukatokea ugomvi karibu na soko, kijana mmoja akachomwa kisu. Alipona, alhamdulillah. Idi, Tomu na wale wawili walikuwa kituo cha basi palepale. Wote wakakimbia, wote wakakamatwa. Hakuna shahidi hata mmoja aliyesema Idi alishika kisu. Tomu alirudi kwao wiki ileile. Idi akashtakiwa pamoja na wale wawili wa kwenye video, weusi wote, eti ni genge moja. Ushahidi wa genge ni nini? Video yangu.

Mahakamani nilikaa na mamdogo kule juu wanakokaa watu wa kusikiliza. Wakaisimamisha video pale kwenye vidole. Mwendesha mashtaka akasoma mistari yangu mmoja mmoja, taratibu, bila biti. Na bila biti, wallahi, ilisikika kama mtu anakiri. Tomu yupo kwenye picha hiyohiyo, maski hiyohiyo, lakini yeye aliitwa kijana aliyepotezwa na marafiki.

Mamdogo akaninong'oneza, "Nani kamwandikia mwanangu mambo haya?"

"Sijui, mamdogo."

Idi kule kizimbani aliinua macho akaniangalia, wala hakunitaja. Akapigwa miaka tisa.

Tangu siku hiyo ile sauti ya mwendesha mashtaka inanisomea mistari yangu. Kwenye basi, nikioga, hata nikiwa kwenye sijda. Video nimefuta zote. Sauti haifutiki.

Sasa kapatikana wakili mpya wa rufaa. Anasema aliyeandika ile mistari akijitokeza, akaeleza kwamba yalikuwa maigizo, rufaa inaweza kupata nguvu. Nikaenda gerezani kumwambia Idi kwamba nitajitokeza. Akainamia meza.

"Usithubutu. Wewe ni mweusi kama mimi, watakuweka kwenye genge hilohilo. Na makaratasi yako ya kuishi hapa bado hayajatoka. Mama atabaki na nani?"

Yote aliyasema kwa Kiingereza, isipokuwa neno mama.

Mamdogo hajui kitu. Ameamua Jumapili hii isomwe albadiri, amshtaki kwa Mungu yule aliyetengeneza video, popote alipo imshukie. Ameshaita ndugu wa Ilford na wa Kilburn, na ubani nimetumwa mimi. Jana alikuwa anapiga pasi kanzu yangu, akasema, "Mwanangu, Jumapili utakaa mbele, usome kwa sauti. Wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii sasa."

Nikasema, "Sawa, mamdogo."

Sawa! Ndiyo neno lililonitoka. Ndugu zangu, nikimwambia ukweli sijui kama ataweza kuniangalia tena usoni, na nikienda kwa wakili, mamdogo anaweza kubaki na watoto wawili gerezani. Nikinyamaza, nitakaa pale mbele nijisomee mwenyewe, na yeye ataitikia amina. Nishaurini, nifanye nini? Leo ni Alhamisi.