Mkono Ndani ya Redio

Mvumo ndio uliotangulia, mwanangu. Nilikuwa bado nje navua viatu nilipousikia ukitoka chumbani kwa shangazi yangu Apolina, hapa Baraka: mzito, wa chini, kama mwanamume anayeimba amefunga mdomo. Mumewe alikuwa amezama ziwani upande wa Mboko, na mwili haukurudi.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka mbele ya redio ya zamani ya lampe, zile taa za kioo za kabla ya transista, kiganja chake juu ya bati la redio hiyo.

"Unasikia? Anaimba ile ya kushona nyavu," aliniambia. "Leta mukono. Polepole. Anapapasa."

Niligusa. Kitu kilinitambaa vidoleni, laini, kama utando wa buibui wenye uhai. Nilikuwa nimejifunza ufundi wa redio, nikajua ni nini, na bado nywele zilinisimama.

"Shangazi, ile si mukono. Ni courant, umeme tu."

"Na nani alikuambia courant haina mukono?"

Nikafungua mgongo wa redio. Transfoma kubwa ilikuwa imeungua zamani, na fundi mmoja wa kupita hakutafuta nyingine. Aliacha transfoma ndogo ya pembeni ipashe lampe moto. Umeme mkubwa akauvuta moja kwa moja, bila transfoma, kutoka kwenye jenereta ya misheni ya jirani, waya mmoja akaufunga kwenye bati. Nilipoligusa bati kwa testa ya umeme, kitaa chake kikawaka chekundu. Mkeka mkavu pekee ndio uliomweka shangazi hai. Na paa lilivuja juu ya mkeka ule, na mawingu yalikuwa yakishuka kutoka milima ya Lubondja.

"Mvua ikiingia humu, courant itakukamata, haitakuachia."

"Na mi nilishamuomba asiniachie."

Nilichomoa waya. Niliibeba redio hadi karakana yangu, naye akanifuata, akakaa akitazama. Niliweka transfoma nzima na kondansa mpya, kile kikopo cha kutunza umeme, maana ile iliyochoka ndiyo iliyoleta mvumo. Nilipoiwasha, kwaya ilitoka safi, bila mvumo. Shangazi akaweka kiganja juu ya bati. Alikiacha hapo muda mrefu, kama anayepima homa ya mtoto.

"Alienda," akasema.

Leo wewe, mwanangu, unaunda kikuza sauti chako kidogo cha lampe na unaniuliza ukilishe umeme gani. Usichague ule unaokifanya kiimbe upesi. Chagua transfoma inayotenga: upande mmoja upashe lampe, mwingine utoe volti za juu, na hakuna kinachoshikana na waya wa ukutani, hata kama umeme huo wa ukutani unatoka kwenye sola yako na konvertisa, kile kigeuza umeme. Bati lifungie waya wa ardhini. Kisha weka rezista ya kumwaga umeme unaobaki kwenye kondansa. Sisi tunasema courant imekufa, kumbe mle ndani imekaa gizani, inangoja kidole. Na ukimwondolea mtu hatari aliyoipenda, usimcheke. Mpe kiti, mwache akae.

Mungu ailinde mikono yako, na kila atakayegusa kazi yako aondoke mzima.

Shangazi aliondoka karakanani mzima siku ile. Matone ya kwanza yalikuwa yakigonga bati la paa. Alijifunga redio mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, akageuka.

"Sasa ni redio tu," alisema, na mlango ukafungwa nyuma yake.