Mama Inama na Mlango Mfupi

Pale kwenye jumba la kale la makumbusho, mama mtembeza wageni kila mtu alimwita Mama Inama. Kila alipowafikisha wageni kwenye mlango mfupi wa ghorofani alipaza sauti, "Inama, baba! Inama!" Kisha aliwaambia kuwa mwenye nyumba aliujenga mfupi makusudi, ili hata mwenye kiburi aingie kwa adabu. Wageni walicheka, naye akawazidi kwa kicheko.

Lakini magoti yakamgomea. Ngazi akawa anazipanda kwa kuzibembeleza. Meneja akamwambia ahamie getini, akate tiketi.

"Na wageni ataongea nao nani?"

Meneja akamwonyesha fundi wa kompyuta, binti aliyeshika miwani mikubwa ya kufunika uso.

"Shikamoo, mama. Vaa hii, upande juu umekaa."

"Marahaba, mwanangu. Isiniangushe tu."

Akavaa. Mara yuko ghorofani, mbele ya mlango wake. Akainama mpaka nusura atoke kitini.

"Mama, unainamia hewa!" Binti akacheka, akampa kidude mkononi. "Sukuma hapa, miaka irudi nyuma."

Akasukuma. Sakafu ikashuka, tabaka baada ya tabaka, na mlango ukarefuka mpaka akajiona mtoto mbele yake. Kumbe haukuwa mfupi hata kidogo. Kila aliyeikarabati nyumba alimwaga sakafu mpya juu ya ile kuukuu.

Mama Inama akavua miwani taratibu. Magoti yamekwenda, sasa na hadithi nayo.

"Nipeni hizo tiketi," akasema.

Kesho yake wakaja wanafunzi, wakakusanyika ukumbini chini. Msichana mmoja alivaa miwani na kushika kidude, wenzake wakatazama kwenye skrini, na sauti ya kurekodiwa ikawaeleza habari za jumba. Wakapiga miayo. Kule getini Mama Inama akaona hakuna anayecheka, akashindwa kuvumilia. Akajikongoja na kiti chake mpaka katikati yao.

"Wanangu, sakafu hii inanenepa kama mimi! Kila mwenye nyumba kailisha chokaa. Sukuma mbele, mama, tuione ikishiba."

Msichana akasukuma. Sakafu ikapanda, ikapanda, mlango ukafupika.

"Inama!"

Wakainama wote, hata wasio na miwani. Hata meneja aliyesimama nyuma yao.

Meneja akainuka, akajifanya alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

"Izime hiyo sauti," akamwambia yule binti fundi. "Getini nitatafuta mtu mwingine."

"Na kiti chenye mto," akaongeza Mama Inama.